Hesabu ya Ubaridi

Dola mia tisa na themanini, anasema Fundi Khanh,
na ananiandikia kwenye karatasi ya njano
nisije nikasema sikusikia.
Kompresa imekufa. Bomba moja limetoboka.
Gesi ukiijaza leo, Ijumaa imeshakwenda zake.
Na gari lenyewe, hata nilioshe, nilipake mafuta,
halifiki elfu moja na mia mbili.
Kilemba kinataka kukipita kichwa.

Nimekaa ndani yake, uwanjani mwa gereji, hapa Wichita,
milango yote minne wazi
kama kuku aliyetanua mbawa juani.
Digrii mia na nne.
Nabonyeza kitufe, mazoea tu,
na taa ya kijani inawaka.
Inaitika kama kijana aliyeitwa kuchota maji:
"Naja!" Na yuko kitandani.
Kinachotoka matunduni ni pumzi ya tanuri
na harufu ya majani makavu ya mwaka juzi.

Usiku nafanya kazi kiwanda cha ndege.
Kazi yangu ni kufunga mabomba ya hewa baridi
juu ya viti vya ngozi vya watu nisiowajua.
Usicheke. Nimeshacheka mwenyewe.

Wakesho anasema tusubiri:
Agosti inakatika, wiki sita tu,
kisha tutaanza kuilalamikia theluji.
Kuna tairi la kushoto, kuna bima,
kuna mchango wa arusi ya Mwakio
ambao tuliuahidi kwa sauti kubwa kwenye simu.
"Pesa yote hiyo," anauliza, "ya kununua upepo?"

Nami nilijitia ushujaa:
mimi mtoto wa Voi, nimekulia juani,
joto litanifanya nini?
Lakini la Voi lina adabu. Jioni huaga.
Hili la Kansas hulala nawe, huamka nawe,
hukutangulia garini
likakukalia kiti.

Fundi anapangusa mikono, anaongeza neno:
wakati wa baridi, hicho hicho kiyoyozi
ndicho kinachokausha kioo cha mbele.
Miaka sita nimekuwa nikiishukuru hita!
Sasa nauona Desemba wangu:
alfajiri, macho mazito, barabara ya barafu,
na mimi nafuta ukungu kwa soksi.

Wapo wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema la kufanya
nyumba nzima ikiwa ni nyufa.

Mkawasi ana miaka saba. Halalamiki,
na hilo ndilo linaloniuma.
Amejifunza kukunja gauni chini ya mapaja
kabla ya kukaa, kiti kisimuunguze.
Juzi kalamu zake za nta ziliyeyuka kiti cha nyuma,
nyekundu, buluu, na ile anayoiita rangi ya twiga,
zikaingia kwenye mishono.
Aliniuliza, "Baba, Voi kuko hivi?"
Nikasema ndiyo.
Nimeisingizia Voi ili nisitoe pesa.

"Umeamua?" Khanh anauliza kutoka kivulini.

Dirisha la upande wa Mkawasi
halijashuka tangu Machi.
Mota yake ni dola themanini na tano, pamoja na kazi.
Namwambia, tuanze na hilo.
Ananitazama kama daktari
aliyeombwa panadoli na mtu aliyevunjika mguu.
Kisha anaenda kutafuta bisibisi.

Saa kumi na moja tunarudi nyumbani kwa kasi ya sitini,
vioo vyote chini. Nywele za Mkawasi zimesimama,
anapiga kelele, sijui za furaha au za vumbi.
Risiti ya maziwa inaruka nje. Kofia yangu pia,
ile ya kiwandani.
Ila karatasi ya njano ya fundi haikuruka.
Niliitupa kiti cha nyuma bila kuangalia
na sasa imeganda kwenye nta,
mia tisa na themanini, juu ya rangi ya twiga,
haibanduki.